Limfoma kwa Watoto Wetu, na Siku Zilizo Mikononi mwa Chama

(Hotuba ya Kamati ya Wagonjwa, iliyosomwa na Karani wa Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Hesabu za fedha zimekwisha kusomwa na Mtunza Hazina, nasi hatutazirudia. Tumeagizwa kueleza juu ya ugonjwa mmoja wa watoto ambao umeingia katika nyumba za wanachama wetu, nao ni ule uitwao na madaktari limfoma ya Burkitt. Jina hilo ni geni masikioni, lakini uvimbe wenyewe si mgeni kwa wazee waliolelewa kando ya Ziwa.

Neno letu kubwa ni moja, nasi twalitaja mapema ili lisipotee katika maelezo. Ugonjwa huu huua upesi kupita karibu saratani zote, nao husikia dawa upesi kupita karibu saratani zote. Kwa hiyo kinachoamua maisha ya mtoto ni siku: zile zinazopita kabla hajafika hospitali, na zile ambazo uvimbe umekwisha kutoweka na jamaa wadhani kazi imekwisha. Siku hizo daktari hawezi kuzitunza peke yake. Ziko mikononi mwa wazazi, na kwa kuwa wazazi ni wanachama, ziko mikononi mwa Chama.

Limfoma ni nini

Katika damu ya kila mtu mna chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kupigana na maradhi. Nyingi hukaa katika tezi za shingo, za kwapa, za kinena na za ndani ya tumbo. Ndiyo sababu mtu akiwa na kidonda mguuni hupata mtoki kinenani: askari wamekusanyika. Chembe hizo huzaliana kwa kadiri, kisha hukoma. Lakini pengine chembe moja huharibika, ikazaa bila kukoma, na wazao wake wakawa kama yeye. Hiyo ndiyo limfoma, saratani ya chembe nyeupe, ambayo wengi wetu twaiita kansa ya tezi. Ziko aina nyingi. Leo twataja mbili tu, tukianza na ile ya watoto wadogo.

Jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago huko Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake, mpasuaji Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba kuume na kushoto, juu na chini. Haukupita muda mrefu Daktari Burkitt akamwona mtoto wa pili wa namna hiyo huko Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, akaona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia, na kwamba yote mawili ni ugonjwa mmoja. Akauandikia habari zake mwaka wa 1958.

Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda maili 10,000 kwa muda wa majuma kumi, toka Kampala hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali swali lile lile: Je, mmewaona watoto wa namna hii? Walirudi na ramani. Ugonjwa ulionekana katika nchi za joto na mvua, nao ulikuwa nadra katika nchi za milima na baridi. Hapa Kenya watoto wengi wauguao hutoka kando ya Ziwa na Pwani, lakini katika nyanda za juu ni wachache mno. Mtu akiiweka ramani hiyo juu ya ramani ya malaria ataona karibu zalingana.

Mwaka wa 1964, huko London, wataalamu Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walizitazama chembe za uvimbe huu zilizotoka Uganda, wakakuta ndani yake virusi visivyojulikana zamani. Vikaitwa virusi vya Epstein na Barr. Leo twajua kwamba karibu watu wote duniani hupata virusi hivyo, navyo hupita katika mate. Watoto wetu huvipata katika miaka ya kwanza kabisa, na kwa walio wengi havileti dhara lolote. Lakini mtoto akishikwa na malaria mara kwa mara, askari wa mwili huchoka, na chembe zenye virusi huzaliana kupita kiasi. Kisha katika chembe moja nyuzi za urithi hukatika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na chembe hiyo haijui tena kukoma.

Tumeyaeleza haya kwa sababu yamo maneno katika nyumba zetu yasiyofaa. Ugonjwa huu hakuna jirani aliyeutuma, wala hakuna mama aliyeuleta kwa kosa lake. Haumshiki mtu kwa kula sahani moja na mtoto mgonjwa, wala kwa kulala naye. Mama aliyekwisha kuchoka kwa kukesha na mwanawe asiongezewe mzigo wa lawama.

Jinsi unavyojitokeza

Watoto waupatao zaidi ni wa miaka mitano, sita na saba, na wavulana hupita wasichana kwa hesabu, karibu wawili kwa mmoja. Dalili zake ni nne, nazo twaomba zikaririwe katika kila tawi.

Ya kwanza ni taya. Meno ya mtoto hulegea, au husogea toka mahali pake, au ufizi huvimba kabla shavu halijavimba. Mara nyingi hapana maumivu makali wala homa, na mtoto hucheza kama kawaida yake. Hapo ndipo jamaa hudanganyika. Hudhani ni jino bovu, wakaling'oa, na jino likiisha kutoka uvimbe huzidi.

Ya pili ni jicho kusukumwa nje na uvimbe ulio nyuma yake. Ya tatu ni tumbo kujaa na kuwa gumu, kwa sababu uvimbe umeingia katika figo, ini, au kwa wasichana katika vifuko vya mayai. Hili wengi hulidhani kuwa minyoo au bandama ya malaria. Ya nne ni miguu kulegea. Mtoto aliyekuwa akikimbia hawezi kusimama, au hawezi kuzuia mkojo, kwa kuwa uvimbe wabana uti wa mgongo. Mtoto wa namna hiyo asingoje hata kesho, kwa maana miguu ikikaa siku nyingi bila msaada huenda isirudi tena.

Na upesi wake ni wa ajabu. Chembe za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili tu. Uvimbe uliokuwa kama punje ya hindi katika ufizi, baada ya majuma machache huujaza uso. Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa ugonjwa huu maneno hayo hayana mafumbo. Mwezi mmoja wa kujaribu mizizi na chanjo za wembe nyumbani si mwezi mdogo.

Daktari naye hawezi kuutambua kwa macho peke yake. Hapana budi kipande kidogo cha uvimbe kitolewe, kwa kisu au kwa sindano nyembamba, kitazamwe kwa hadubini. Kisha hupimwa damu, uboho wa mfupa na maji ya uti wa mgongo, na tumbo hupigwa picha, ili ijulikane ugonjwa umeenea hata wapi. Baadhi ya wazazi hukataa sindano ya mgongo, wakisema itamlemaza mtoto. Yatupasa kuwaambia kwamba sindano hiyo huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, tena ndiyo njia ya kupeleka dawa ya kuulinda ubongo, kwa maana dawa nyingi za mshipani haziufikii ipasavyo.

Jinsi unavyosikia dawa

Daktari Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona kwamba kisu hakimfai mtoto huyu. Uvimbe ukikatwa mahali pamoja hutokea pengine. Mashine ya mionzi hakuwa nayo huko Kampala. Akajaribu dawa, na hapa Nairobi Daktari Peter Clifford akafanya vivyo hivyo. Jambo waliloliona katika miaka ile ya 1960 liliwashangaza madaktari wa dunia nzima: uvimbe uliojaza uso ulianza kunywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliopewa dawa mara moja au mbili tu walikua wakawa watu wazima. Basi ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa peke yake, na kazi hiyo ilifanyika katika nchi zetu hizi.

Siku hizi dawa huchanganywa. Kubwa kati yake ni siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Hutolewa kwa mizunguko, na baada ya kila mzunguko mtoto hupumzishwa hata damu yake ipate nguvu. Katika nchi zenye uwezo mkubwa, watoto karibu tisa katika kila kumi hupona. Katika nchi zetu taarifa nyingi zaonyesha nusu, au chini ya nusu. Dawa zilizo kubwa ni zile zile. Tofauti yatoka katika mambo mengine: kuchelewa kufika, upungufu wa vipimo na wa uangalizi, na kuacha matibabu katikati. Katika hayo, la kwanza na la mwisho ni letu.

Yako mambo matatu ambayo kila mzazi hana budi kuyajua kabla ya dawa kuanza.

Kwanza, dawa ikiua chembe nyingi kwa siku chache, takataka zake humiminika katika damu na kuzisonga figo. Kwa hiyo mtoto hutiwa maji mengi mshipani, na mkojo wake hupimwa usiku na mchana. Mzazi asiombe ruhusa ya kwenda nyumbani katika siku hizo kwa kuwa mtoto amechangamka.

Pili, dawa haichagui sana. Nywele hunyonyoka, mdomo hufanya vidonda, na askari wa damu hupungua. Nywele zitaota tena, lakini homa si jambo la kungoja. Mtoto aliye katika matibabu akipata homa nyumbani, asipewe dawa ya malaria akalazwa kitandani, bali arudishwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa askari wa kumlinda ni wachache.

Tatu, nalo ndilo kubwa, uvimbe kutoweka si ugonjwa kwisha. Jicho la mama haliwezi kuziona chembe zilizobaki katika uboho au katika maji ya mgongo. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miezi ya kwanza, tena hurudi mkali. Lakini mtoto akimaliza dawa zote, akapita mwaka mmoja na wa pili bila kurudiwa, twaweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba amepona.

Katika daftari la Kamati yako maandishi ya mtoto mmoja wa tawi letu. Aliingia hospitali akiwa na taya lililovimba hata hawezi kufunga mdomo. Baada ya mzunguko wa kwanza uso wake ulirudi kuwa uso wa mtoto, na mama yake akacheka mbele yetu. Akaenda nyumbani kupumzika, apate kurudi baada ya majuma mawili. Nauli haikupatikana. Barua ya kuomba nauli ilifika kwa Kamati, ikangoja kikao, na kikao kikangoja idadi ya wajumbe. Aliporudi hospitali yalikuwa yamepita majuma tisa, na ugonjwa ulikuwa umeingia kichwani. Mtoto huyo amezikwa kwao, na Chama kililipa gari la kumpeleka siku ya pili yake.

Limfoma ya vijana

Ya pili tuliyoahidi kuitaja ni limfoma ya Hodgkin, iitwayo kwa jina la daktari Mwingereza aliyeiandikia habari mwaka wa 1832. Hii huwapata sana vijana na watu wazima wa umri mdogo, ingawa katika nchi zetu watoto pia huipata. Yenyewe haina haraka. Tezi za shingo huvimba kwa miezi, wala haziumi. Baadaye pengine huja homa, jasho la usiku la kulowesha shuka, na kukonda. Dalili hizo ni dalili za kifua kikuu pia, na kwa kuwa kifua kikuu ni kingi kwetu, kijana huweza kumeza dawa zake kwa miezi mingi bila nafuu. Shauri letu ni hili: tezi isiyopungua na iulizwe, na ikatwe kipande kitazamwe. Ugonjwa huo nao, ukitambuliwa na kutibiwa mpaka mwisho, vijana walio wengi hupona.

Mambo yanayoombwa na Kamati

Bwana Mwenyekiti, tangu Chama hiki kiundwe, mwanachama akifariki katika mji huu mwili wake hufika kwao. Fedha hupatikana usiku ule ule, wala hatujasikia mzee akiuliza zatoka wapi. Desturi hiyo ni heshima yetu, nasi hatuombi ipunguzwe hata senti moja. Twaomba tu kwamba mtoto aliye hai apewe upesi ule ule tunaompa aliyekufa.

Kwa hiyo Kamati yaomba Mkutano huu ukubali mambo manne.

La kwanza, kila mjumbe wa tawi apokee habari ya mtoto yeyote mwenye dalili nne tulizozitaja, na katika muda wa siku tatu ahakikishe amefika hospitali ya wilaya. Kutoka huko aelekezwe kwenye hospitali kubwa yenye dawa hizi, kama vile ile ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ile ya Moi kule Eldoret, au Kenyatta hapa Nairobi.

La pili, itengwe akiba ndogo ya nauli na chakula cha mama anayelala na mtoto wodini, ambayo Mwenyekiti na Mtunza Hazina waweza kuitoa kwa sahihi zao mbili bila kungoja kikao, kisha waeleze katika kikao kinachofuata.

La tatu, Karani awe na daftari la tarehe. Mtoto akitoka hospitali, tarehe ya kurudi iandikwe siku ile ile, na siku mbili kabla yake mjumbe wa tawi awaendee wazazi na nauli mkononi. Tunaandika tarehe za michango ya kila mwezi bila kukosa. Tarehe hizi haziwi ngumu kuziandika kuliko zile.

La nne, kila mwanachama ajiandikishe pamoja na watoto wake katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na michango yake ilipwe bila kukatika. Mtoto asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa atafutiwe sasa angali mzima, kwa maana kutafuta karatasi kwa mama aliye wodini ni taabu juu ya taabu.

Pamoja na hayo, twawakumbusha wote waliowaacha watoto kwa bibi na babu kando ya Ziwa kwamba chandarua chenye dawa si kitu cha kufunikia vifaranga. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika nchi hii mwaka wa 2019, huko Homa Bay, nayo hutolewa katika sehemu za magharibi zenye malaria nyingi. Anayemkinga mtoto na malaria amekata mzizi mmoja wa ugonjwa huu.

Wazee wetu, hatuwezi kuahidi kwamba kila mtoto atapona. Watakuwapo watakaofika mapema, wakamaliza dawa zote, na bado tukawapoteza. Lakini asiwepo tena mtoto ambaye dawa ilimkubali, na nauli ikamkosa. Kamati yaliweka jambo hili mbele ya Mkutano lipigiwe kura leo, kabla hatujatawanyika, kwa sababu Mkutano mwingine utakuwa baada ya miezi kumi na miwili, na uvimbe huu haungoji hata miwili.